Mafuta ya Mbuzi kwenye Risasi za Mzee Hennie

Kuna mbwa mmoja hapa Johannesburg ambaye tukikutana, mimi ndiye huinamisha macho. Najua mtu mzima mwenye mke, mtoto na kazi ya benki hapaswi kumwonea mbwa haya, na mke wangu ameshaniambia hivyo mpaka akachoka, lakini yeye hakuwepo siku ile, hakuniona nikikimbia na kofia yangu pana mbele ya umati wa watu wenye bunduki, wala hakusikia king'ora kikilizwa kwa ajili yangu. Basi acheni niisimulie mwenyewe kabla hamjaipata kwa Papa Espoir, maana yule kila akiisimulia mbwa anazidi kuwa mkubwa na mimi nazidi kuwa mjinga, na ujinga ule ulikuwa unatosha jinsi ulivyokuwa.

Mimi ni mtu wa Eldoret, Kibet kwa jina, ingawa hapa Bezuidenhout Valley wananiita Baba Imani. Kazi yangu benki ni kuangalia hatari. Wenzangu wakitaka kufanya jambo, mimi nakaa kando nikijiuliza ni kitu gani kinaweza kuharibika, halafu nawaambia, halafu wananichukia. Nalipwa kwa hilo. Likumbukeni tunapoendelea, mpate kucheka vizuri.

Mwenzangu mmoja wa ofisini ndiye aliyenipeleka mara ya kwanza kwenye klabu ya shabaha nje ya jiji, upande wa kusini, ambako watu wanapenda bunduki za zamani za wenzo, zile ambazo ukishapiga unasukuma wenzo ulio chini ya mkono na kuurudisha, kra-kra, ganda linaruka nje na risasi nyingine inaingia. Nilienda kutazama tu. Nikiwa nimesimama pale nyuma, naongea na mke wangu kwenye simu, nikasikia mzee wa Kizungu ananibwekea kutoka benchi la mwisho, "Wewe! Natoka wapi?"

Huyo ndiye Mzee Hennie. Alizaliwa kwenye shamba karibu na Eldoret, Kaburu wa kule, na wazazi wake wakahamia Afrika Kusini Kenya ilipokaribia uhuru, yeye akiwa kijana wa kuanza ndevu. Kiswahili chake kiligandia pale kilipokuwa. Ni Kiswahili cha kuamrisha watu shambani, hakina tafadhali, hakina pole, hakina hata shikamoo, na mimi, wewe na yeye wote kwake ni "na" tu, na nakiri kwamba mara ya kwanza damu ilinichemka kidogo, kwa sababu babu yangu alifokewa kwa Kiswahili hichohicho. Nilitaka kumjibu vibaya. Lakini nilipomwambia natoka Eldoret, mzee aliweka bunduki chini, akakaa, akaniuliza kama mvua bado inanyesha alasiri, na nilipomwambia ndiyo, bado inanyesha, macho yakamlowa. Nifanye nini na hasira baada ya hapo? Nikawa mtu wake.

Mkewe, Marie, naye alizaliwa kulekule, na nyumbani walikuwa wanaongea Kiswahili wakitaka watoto wasielewe. Watoto walihamia ng'ambo, Marie akafariki, akabaki mzee na mbwa wa Marie, jike kubwa la rangi ya uji anayeitwa Posho. Na Posho (hili msilisahau) haelewi lugha yoyote ila Kiswahili, tena kile cha Mzee Hennie. Ukimwambia kwa Kiingereza aketi, anakutazama kama umemtukana.

Mzee ndiye aliyenifundisha kusubu risasi, yaani kuyeyusha madini yenyewe na kuyamimina kwenye kalibu mpaka yatoke vichwa vidogo vya kung'aa. (Lugha yetu imeamua madini na kichwa chake viitwe risasi, kwa hiyo nivumilieni.) Alikuwa na sheria zake, na ole wako ukizivunja. Fanya nje penye hewa. Nawa mikono. Chombo cha madini kisirudi jikoni maisha. Halafu kuchagua, ambako ndiko alikokuwa anafikia ukali wa mwalimu mkuu. Kwenye bunduki ya wenzo risasi zinalala ndani ya bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, pua ya hii ikisukuma kitako cha ile, kwa hiyo pua lazima iwe bapa, kwa sababu ikiwa na ncha inaweza kumchoma mwenzake mahali pabaya na bomba zima likakulipukia mkononi. Kitako nacho kiwe kizima, kisiwe na pengo hata la ukucha, la sivyo risasi inayumba njiani. Yenye makunyanzi inarudi kwenye sufuria. Mwisho ni mafuta. Kila kichwa kina vijifereji kiunoni, na vijifereji hivyo lazima vijazwe nta na mafuta, ili madini yateleze ndani ya mtutu bila kuusugua na kuacha uchafu.

"Nta ya nyuki na mafuta ya ng'ombe," Mzee alikuwa anasema akiinua kidole. "Mafuta safi. Hapana chumvi. Hapana mchezo."

Nilimsikia. Ningependa kuwaambia sikumsikia, lakini nilimsikia vizuri kabisa.

Sasa, klabu ina siku moja kubwa ya mashindano, na mwaka huu Mzee Hennie aliniita kando akaniambia, "Safari hii wewe natengeneza risasi ya bunduki yangu." Mwajua maana yake? Huyu mzee hajawahi kumruhusu mtu amtengenezee risasi. Hata Marie alikuwa anaruhusiwa kuzihesabu tu. Nilirudi nyumbani nikiwa na kifua kama cha njiwa dume, nikatangaza kwenye kundi la simu la ushirika wetu wa kanisa, nikamwalika na rafiki yangu Papa Espoir, fundi cherehani wa Troyeville, mtu wa Bukavu, aje aone jinsi Mkenya anavyoheshimiwa na Makaburu. Mke wangu alisema tu, "Haya, Baba Imani. Usije ukatuaibisha." Wanawake wana kitu, wallahi.

Kusubu nilimaliza mapema, na kuchagua nilichagua kwa uaminifu, nikikaa garajini na taa na miwani, kila chenye kasoro nakitupa, mpaka vikabaki vichwa ambavyo ungeweza kumvalisha bibi harusi shingoni. Kilichobaki ni mafuta tu. Nikasema mafuta nitapaka Ijumaa, kwa kuwa Ijumaa ilikuwa sikukuu na mashindano ni Jumamosi.

Ijumaa hiyohiyo tukachoma mbuzi. Sikupanga, ila wageni walikuja, na Mkenya akiona sikukuu, jua na wageni, mbuzi hana njia. Walikuja watu wa ushirika, akiwemo Daktari Akinyi, daktari wa wanyama, mtu wa Kisumu mwenye mdomo mkali na moyo mzuri, na Papa Espoir akaja na shemeji zake. Mbuzi alikuwa amenona. Nilikuwa nimempaka chumvi, kitunguu saumu, ndimu na majani yale ya harufu, na mafuta yalivyokuwa yanadondoka mke wangu akaweka sufuria chini ayakinge, kwa ajili ya kupikia sukuma wiki wiki nzima, kama mnavyojua watu wenye akili wanavyofanya.

Alasiri, wageni wakiwa wameshiba wanaongea siasa za nyumbani, mimi nikakumbuka risasi. Nta ninayo. Mafuta ya ng'ombe sina. Bucha ninayoijua imefungwa kwa sikukuu. Nikasimama jikoni nikaitazama sufuria ya mke wangu, imejaa mafuta ya mbuzi yaliyoanza kuganda, meupe, mazuri, na hapo ndipo mtaalamu wa hatari wa benki, mtu anayelipwa kuuliza ni nini kinaweza kuharibika, alipojiambia maneno manne ya maangamizi: mafuta ni mafuta tu.

Nikayayeyusha na nta nyuma ya garaji. Nikasimamisha vichwa kwenye trei kuukuu, nikamimina mpaka vijifereji vikafunikwa, yakaganda, nikavikata kimoja kimoja kwa bomba dogo kama mtu anayekata mandazi. Harufu, jamani! Papa Espoir akaifuata harufu hiyo mpaka garajini na kijiti cha meno mdomoni.

"Mon frère, uko unapika nini tena? Nyama ilibakia?"

"Ni mafuta ya risasi, Papa Espoir."

Akanusa juu ya trei, akafumba macho. "Ya masasi? Vraiment? Hii inanukia kupita ile nyama tulikula."

Hapo mtu mwenye busara angejiuliza swali. Mimi nilifurahi kusifiwa. Nikazitia zote kwenye kopo la aiskrimu, nikafunika, nikaenda kucheza na wageni. Kwa mbali nilimsikia mke wangu jikoni akiuliza ni nani amegusa mafuta yake ya sukuma, nikajifanya sisikii.

Jumamosi jua lilikuwa kali kama limelipwa. Tulipofika uwanjani, mimi na Papa Espoir (yeye amevaa suti ya bluu aliyojishonea mwenyewe, maana Mkongo haendi mahali kama mtu aliyekata tamaa), watu walikuwa wamejaa, kofia pana kila upande, na mimi nilikuwa na yangu. Mzee Hennie alikuwa mezani chini ya paa la bati na vyombo vyake, kwa sababu risasi nilimtengenezea mimi lakini baruti hakuna anayemwekea. Huijaza mwenyewe kwenye maganda palepale uwanjani, kidogo kidogo, kwa mkono. Posho amelala chini ya meza kama kawaida yake. Mzee akafungua kopo, akavaa miwani, akaanza kuchukua moja moja. Akaitazama pua. Akapitisha kidole gumba kwenye kitako.

"Muzuri," akasema. Akachukua nyingine. "Muzuri." Akachukua nyingine. "Muzuri sana, Kibeti."

Ningekufa pale ningekufa tajiri. Halafu akanusa vidole. "Nini hii nanuka?"

"Nta, mzee," nikasema, na haukuwa uongo mtupu, nta ilikuwamo. Chini ya meza Posho aliinua kichwa. Nilimwona. Niliona pua yake inacheza, nikaona mate yanamtoka, na sikufikiri lolote.

Mzee akajazia risasi za kuanzia, akaenda kwenye mstari, tukamfuata. Akapiga ya kwanza, sahani ya chuma kule mbali ikalia ting!, na moshi mweupe ukatoka kwenye mtutu ukatembea polepole juu ya wapiga shabaha wote. Ndugu zangu, ulikuwa ni moshi wa nyama choma, wenye kitunguu saumu ndani yake. Mtu wa benchi la pili akashusha bunduki akauliza ni nani amewasha brai, yaani moto wa nyama choma, mapema hivi. Mzee akapiga tena, ting!, wingu jingine la mbuzi. Mwingine akasema nyama yake isiunguzwe. Msimamizi wa usalama, bwana mnene mwenye kizibao cha rangi ya chungwa, alikuja mbio kuangalia kama kuna mtu anapika karibu na baruti, hakuona moto, akabaki amesimama ananusa hewani kama mtu aliyepotewa na kwao. Mstari mzima ukacheka. Mimi nikacheka kuliko wote, kwa sababu mzee alikuwa hakosi, kila akifyatua sahani inalia, na alipomaliza aligeuka akaniinulia dole gumba mbele ya watu wote.

Ndipo nikasikia sauti ya Papa Espoir nyuma yetu.

"Mon frère! Ile imbwa iko inakula masasi!"

Niligeuka nikadhani anatania. Posho alikuwa na miguu ya mbele juu ya meza na kichwa chote ndani ya kopo, na kutoka humo ilitoka sauti ya kutafuna ambayo naisikia mpaka leo. Nikapiga ukelele. Mbwa akashtuka, akaliuma kopo kwa ukingo na kukimbia nalo, na kati ya njia zote zilizokuwepo katika jimbo zima la Gauteng, akachagua kupita kati ya wapiga shabaha, akavuka mstari mwekundu, akaelekea kwenye sahani za chuma.

Mstari ule mwekundu hauvukwi. Ndiyo sheria ya kwanza kabisa, imeandikwa getini, imeandikwa chooni, mimi mwenyewe niliwahi kumfokea mgeni kwa kuusogelea. Nikauvuka kwa kuruka. King'ora kikalia, msimamizi akapiga kelele watu waweke silaha chini, kipaza sauti kikaanza kusema kwa Kiingereza kwamba bwana mwenye kofia arudi nyuma mara moja, na bwana mwenye kofia alikuwa anakimbia kwenye nyasi, vifuniko vya masikio vinamgonga shingoni, kofia yenyewe ikaruka, akipiga kelele, "Posho, rudi! Posho, tafadhali, mama, nakuomba, rudi!"

Lakini tafadhali huyo mbwa hajawahi kuisikia maishani mwake. Alifikiri tunacheza. Nikienda kushoto anaenda kulia, risasi zinadondoka nyasini, anasimama kuziokota kwa ulimi, nikimkaribia anaondoka. Mwishowe sauti ya Mzee Hennie ikaja kutoka nyuma, "Posho! Kuja hapa! Upesi!" na yule mbwa akageuka kama askari, akanipita kana kwamba mimi ni kigingi, akaenda kuketi miguuni pa mzee na kopo mdomoni. Nikabaki nimesimama peke yangu katikati ya uwanja, mbele ya kila mtu ninayetaka aniheshimu, na kutembea kurudi kule kulikuwa kurefu kuliko safari ya kuja Johannesburg.

Walikuwa bado wanacheka nilipofika. Nilimnyang'anya Posho kopo, nikatazama ndani. Tulikagua na nyasi zote alizopita. Risasi hazikutimia, na pengo lilikuwa kubwa.

"Mzee," nikasema, "Posho amekula."

"Nakula nini?"

"Risasi, mzee. Zile... Nilipaka mafuta ya mbuzi."

Mzee alitazama kopo, akamtazama mbwa, ambaye alikuwa anajilamba kwa raha. Akakaa kwenye benchi taratibu, kama mtu anayetafuta kiti gizani. "Hii mbwa ya Marie," akasema. Vicheko vikafa vyote kwa mara moja, na mimi nikaelewa kwamba madini yale ni sumu, kwamba nilimwekea mzee huyu sumu mezani na kuifunika kwa harufu ya sikukuu, na kwamba akifa mbwa huyu, mzee atakuwa anarudi kwenye nyumba isiyo na mtu wa kumwambia hata "kuja hapa".

Tuliingia kwenye gari langu. Mzee mbele, mikono magotini. Papa Espoir nyuma na suti yake ya bluu, amemkumbatia Posho, anamwomba Mungu kwa sauti kwamba hii imbwa isikufe, Baba, haina dhambi, mwenye dhambi ni Mkenya. Kila roboti, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, ilikuwa nyekundu. Kila tuliposimama Posho alikuwa anamlamba Papa Espoir kidevu.

Daktari wa wanyama ninayemfahamu ni mmoja tu, na kama mmeshakisia, kisieni tena kwa sauti. Daktari Akinyi alikuwa na wagonjwa mpaka mlangoni. Wakamwingiza Posho ndani wakampiga picha ya eksirei, sisi tukakaa kwenye viti pamoja na watu wenye paka na sungura, mimi bado na vifuniko vya masikio shingoni na fulana ya klabu yenye picha ya bunduki kifuani. Mlango ukafunguliwa, msaidizi akatoka na ile picha, uso umesawajika, akasema kwa Kiingereza, mbele ya wote, kwamba huyu mbwa amepigwa risasi nyingi sana na hawaoni zilipoingilia.

Watu wakaitazama fulana yangu. Mama mmoja akamvuta paka wake kifuani, akahama kiti.

Daktari Akinyi akatokea nyuma ya msaidizi, akaniona. Akaitazama picha, ambayo hata mimi kutoka pale niliweza kuisoma: tumbo la mbwa, na ndani yake vichwa vyeupe vimelala vizuri, pua bapa, vitako vizima, kazi safi kabisa.

"Baba Imani," akasema kwa Kiswahili, "umempiga huyu mbwa risasi?"

"Hapana, daktari. Amezila."

"Amekula risasi. Mbwa anakulaje risasi?"

"Nilizipaka mafuta."

"Mafuta gani?"

Nikatazama sakafu. "Ya mbuzi. Yale ya jana."

Akaitazama picha tena. "Mbuzi yule niliyekula mimi? Mwenye kitunguu saumu?" Akatikisa kichwa. "Basi simlaumu mbwa." Halafu uso ukabadilika, akamgeukia Mzee Hennie, akamwambia taratibu kwamba wamewahi, kwamba madini hayajapata muda wa kuyeyuka, watamtapisha, na kama hayatatoka yote watampasua. Mzee akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshika mnyororo wa mbwa mkononi na anauzungusha tu, anauzungusha.

Nilitaka kumwambia pole. Ninaijua kwa Kiswahili, Kinandi na Kiingereza, na haikutoka hata moja. Nikakaa kando yake tukasikiliza Posho akitapika nyuma ya mlango, na sijawahi kufurahia sauti kama ile. Walimpiga picha ya pili. Ilikuwa safi. Daktari akasema atabaki naye apimwe damu, lakini mbwa ni mzima, na ana njaa. Mzee akasimama, akamshika daktari mkono kwa mikono yake miwili, akatoka nje bila kunitazama. Papa Espoir ndiye aliyempeleka nyumbani, kwa gari langu, mimi nikarudi Bez Valley kwa teksi, ambayo huku ndiyo matatu, na abiria wote wakinusa hewa na kuniangalia.

Jumapili kanisani kila mtu alijua. Hata mchungaji, wakati wa matangazo, alikohoa kidogo alipofika kwenye chakula cha ushirika. Klabu ikanisimamisha kwa kuvuka mstari, na sikuwa na la kujitetea. Mke wangu alisema sentensi moja tu, kuhusu sukuma wiki, nikailipa kwa kuosha vyombo. Hayo yote niliyabeba. Kilichonikosesha usingizi ni simu ya Mzee Hennie, ambayo ilikuwa inaita, inaita, haipokelewi. Kwa daktari nilisikia kwamba amemchukua Posho, damu yake ni nzuri. Kwangu hakuna neno. Nikajua nimempoteza, na nilishangaa jinsi ilivyoniuma, kwa sababu nilidhani tulikuwa tunaongea habari za bunduki tu.

Alasiri moja kengele ya geti ikalia. Nikatoka, nikamkuta Mzee Hennie amesimama barabarani, hajawahi kufika kwangu hata siku moja, amevaa shati lililopigwa pasi, na Posho pembeni yake, na mfuko wa bucha mkononi. Posho akaniona, akatikisa mkia. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Pole, mzee," nikasema hatimaye. "Pole sana. Nilijua haifai, nikafanya."

"Mimi najua wewe najua," akasema. "Fungua geti."

Aliingia jikoni akamwamkia mke wangu kwa amri ("Mama, leta maji!"), na mke wangu, ambaye hachezewi, akamwambia maji huombwa, mzee, na yule mzee akasimama, akafikiri, akasema polepole, kama mtu anayejaribu meno mapya, "Naomba maji." Alipewa maji, akapewa na kiti. Ndani ya ule mfuko wa bucha kulikuwa na mafuta ya ng'ombe, meupe, hayana kitu. Akayaweka mezani.

"Ile siku," akasema, "moshi natoka bunduki, mimi nafunga macho. Nanuka mbuzi. Mimi iko Eldoret tena. Iko toto. Mama yangu naita kuja kula." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Tangu Marie nakufa, hakuna mutu naita mimi kuja kula."

Mke wangu aligeuka akaanza kukata vitunguu, na siyo vitunguu vilivyomliza. Mimi moyoni nilikuwa na maneno juu ya shamba lile la Eldoret na lilikuwa la nani kabla ya mama yake kumwitia chakula pale, na bado ninayo, na nitamwambia siku moja akiwa ameshiba. Siku hiyo nilitoka nje nikawasha mkaa. Hatukuwa na mbuzi mzima, tulikuwa na mbavu, zikatosha. Alikula kwa mikono, akaramba vidole, akamtupia Posho mfupa.

Jua lilipokuwa linashuka alisimama, akachukua mfuko wake wa mafuta ya ng'ombe pamoja na kopo la vichwa vipya nilivyokuwa nimevisubu kufidia vile vya Posho, akavitia kwapani.

"Hii mimi napaka mwenyewe," akasema. "Wewe nachoma mbuzi. Kila mutu na kazi yake."

Nikasema ndiyo, mzee. Na tangu siku ile sijagusa nta, sijagusa mafuta ya risasi, na mtu akinisikia tena nikisema mafuta ni mafuta tu, ana ruhusa yangu kunizaba kofi.